Kidole Changu na Samaki Tusiowataja

Kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia hakikunjiki tena mpaka mwisho. Kinafika nusu ya safari, kinasimama. Kwa mtu wa ofisini pengine hilo si jambo, lakini mimi ni mchuma chai wa upande wa Ekerenyo, na chai huchumwa kwa kidole hicho na gumba. Hata hivyo kidole kipo, na kulikuwa na siku iliyopangwa ya kukikata. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye kidonda kisichosikia dawa, ambaye kila anayemwona anamwambia avumilie. Sitakufundisha udaktari, maana sikuusomea. Nitakueleza mambo yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo nyumbani kwetu hatukupenda yasemwe, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyotuchelewesha.

Watu huniita Mama Kemunto. Mume wangu, Baba Kemunto, wakati huo alikuwa mzee wa kanisa letu la Kisabato. Sisi Wasabato, mbali na kupumzika Jumamosi, tunafuata maagizo ya Walawi kuhusu chakula: samaki mwenye mapezi na magamba analiwa, asiye na magamba haliwi. Kambare, ambaye huku wengi humwita mumi kama wanavyomwita majirani zetu Waluo, hana gamba hata moja. Ana ngozi tupu na ndevu.

Sasa, chini ya shamba letu, ukipita migomba, kuna sehemu ya kando ya kijito ambako chai hufa na ndizi huoza. Hapo kuna bwawa. Tulianza na ngege, samaki mwenye magamba, halali kabisa, lakini maji ya huku juu ni baridi na wakabaki wadogo hivyo hivyo mwaka mzima. Mtu akatushauri kambare, kwamba yeye huvumilia. Kweli walivumilia, wakanenepa. Wanunuzi walikuja kutoka mjini Kisii asubuhi za Jumapili, wakati majirani Wakatoliki wako misani na Wasabato wenzetu wako kwenye chai. Hatukula hata mmoja. Hilo naweza kuapa, ingawa kanisani kwetu kuapa hakupendwi. Ndani ya nyumba tuliwaita "wale wa chini". Aliyeuliza aliambiwa tuna ngege, na wengi hawakuuliza.

Siku moja kabla ya mvua za masika nilikuwa ndani ya bwawa nikichagua wakubwa. Kambare ana mfupa mkali kwenye pezi lake la kifuani, na mmoja alijirusha akanichoma nao kwenye kiungo cha kidole. Damu ilitoka kidogo. Niliosha kwa maji yale yale ya bwawa nikaendelea na kazi, na baada ya siku chache pale palifunga nikapasahau.

Masika yalipokolea na chai ikajaa, kilitokea kipele cha rangi ya zambarau mahali pale pale. Hakikuuma sana. Kilikua taratibu, kikapasuka, kikatoa maji mepesi, kisha kikafunga na kupasuka tena. Nilikifunga kitambaa nikaenda kuchuma. Chai haingoji mtu apone.

Zahanati ndiyo ilikuwa ya kwanza. Baba Kemunto alinisindikiza, kama alivyofanya kila mara hadi mwisho, na hilo nataka lihesabiwe kwa upande wake. Daktari wa zahanati aliuliza kazi yangu.

"Anachuma chai," akajibu mume wangu.

Ndivyo alivyo. Ukiniuliza kama nimekula, yeye atakwambia nimekula. Miaka yote nilichukulia kuwa ni upendo, na mara nyingi ni upendo kweli.

"Ulidungwa na nini, mama?"

"Kitu ya shamba," nikasema.

Bwawa liko shambani, na chai nachuma. Majibu yote mawili ungeweza kuyaweka juu ya Biblia. Tukapewa vidonge na mafuta ya kupaka.

Vidonge vile viliisha, vikaja vingine vya duka la dawa, vikaisha navyo. Wakati wa palizi kidole kilikuwa kimevimba hadi pete ya mwenzangu mmoja wa kikundi cha wanawake, aliyonipa nijaribu kwa utani, haikupita hata ukucha. Halafu vilianza vingine. Kimoja nyuma ya kiganja, kimoja kwenye kifundo cha mkono, viwili juu zaidi kuelekea kiwiko, vimepangana kama shanga kwenye uzi. Nilivitazama asubuhi nikioga. Mkono ulikuwa kama si wangu, kama nimeazimwa na mtu asiyejitunza.

Tulienda Nyamira, kwenye kliniki ya kulipia. Walinichoma sindano mfululizo. Walichukua usaha kwa kijiti cha pamba wakaupeleka maabara, na jibu likarudi kwamba hakuna kilichoota. Nililipokea jibu hilo kwa furaha ya kijinga. Nilidhani kutoota maana yake hakuna mdudu, na kwamba kidole kitasoma karatasi kipone.

Watu wakaanza kuja na methali. Wakimwona mgonjwa wa muda mrefu, watu wetu hawakosi kumletea methali hata wakikosa sukari. Waliyoipenda zaidi ni ile ya mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa natabasamu. Sikuficha maradhi hata kidogo. Kidole kilionekana na kila aliyekuwa na macho, kuanzia kituo cha kununulia chai hadi kwaya. Tulichoficha ni samaki.

Unaweza kuuliza kwa nini hatukuunganisha mambo haya mawili. Jibu la kweli ni kwamba mimi niliunganisha kidogo. Nilimwambia Baba Kemunto jioni moja, kwa Kigusii, tukiwa peke yetu: "Na kama ni wale wa chini?"

Alikuwa anasoma somo la Sabato. Hakuinua macho. "Kuchomwa na samaki ni siku moja," akasema. "Hii ni miezi. Samaki hawezi kukasirika miezi yote hiyo."

Jibu lake lilikuwa na mantiki. Pia alikuwa amepangiwa kuhubiri Sabato iliyofuata. Nikanyamaza, na hasira yangu ikaanzia pale, ndogo, kama kipele chenyewe.

Kufikia makambi ya Agosti, yale mahubiri ya wiki nzima tunayoyafanya chini ya turubai, nilikuwa sichumi tena. Baba Kemunto alichukua kikapu. Nisingependa kumcheka mtu aliyekuwa akinisaidia, lakini yule mzee ana vidole vya kushika jembe. Alichuma majani makavu, vijiti, na wakati mmoja jani la mparachichi. Karani wa kituo cha chai aliyamwaga yote kwenye meza akamwambia kwa heshima, "Mzee, hii ni ya mbuzi." Alirudi nyumbani nayo yote. Tulikuwa hatuongei wakati huo zaidi ya chakula kipo na mlango umefungwa, lakini siku hiyo nilicheka, naye akacheka, kisha tukarudi kwenye kimya chetu.

Nililala kambini na mkono juu ya mto. Nilimsikiliza akiomba mbele ya watu kwa ajili ya wagonjwa wote, nami nikiwemo, kwa sauti nzuri. Nilimkasirikia kwa kila neno. Sijui kama ni dhambi kukasirikia maombi. Sikuuliza mtu.

Baada ya makambi tulipelekwa hospitali moja mjini Kisii. Ukifika pale unakaa kwenye benchi refu, na kila anayeingia kwa daktari, ninyi nyote mnasogea nafasi moja. Siku nzima mnasogea. Unaanza karibu na mlango wa nje ukiwa na jirani huyu, unafika mlango wa ndani mkiwa mmejuana mpaka majina ya ng'ombe. Nilikaa na mama mmoja kutoka Marani, muuza mboga mwenye mguu uliovimba, ambaye alikuwa na mkeka mdogo wa kukalia. Alipoona nabeba mkono kama mtoto, aliukunja mkeka ule akauweka kwenye paja langu niupumzishie. Sikumwona tena, lakini nikiambiwa nitaje watu walioniponya, yeye nitamtaja.

Daktari wa upasuaji alipiga picha ya mfupa, akakata kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye uvimbe, akakipeleka maabara. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema ugonjwa umeingia kwenye kiungo na kamba za kidole, na kama dawa hazitaushika basi ni heri kupoteza kidole kuliko mkono. Akampa Baba Kemunto siku ya upasuaji. Nasema alimpa Baba Kemunto kwa sababu yeye ndiye aliyejibu, "Sawa, daktari."

Nyumbani nilijaribu kuchuma kwa kidole cha kati. Nilikwenda kwenye mistari ya chini peke yangu nikajaribu. Kidole cha kati ni kirefu na kivivu. Kinavunja shina badala ya kulinyofoa. Nilichuma kiasi cha kufunika kitako cha kikapu, nikakaa chini kati ya michai. Niliogopa. Sijalisema hili kwa mtu, lakini niliogopa kuliko nilivyoogopa kuzaa. Nilianza kuchuma nikiwa msichana kwa mama yangu. Sikujua mimi ni nani bila kazi ile.

Binti yetu Kemunto, mwalimu wa shule ya msingi huko Nyansiongo, ndiye aliyekataa. Alikuja na kusema kidole hakikatwi kabla daktari wa ngozi hajakiona. Alikuwa amesikia kwamba yuko mmoja anayekuja pale hospitalini kila baada ya muda fulani. Baba yake alisema daktari ni daktari. Kemunto akamwambia, "Baba, hata wewe huwezi kupeleka ng'ombe kwa fundi wa redio." Nilimzaa mimi huyo.

Hivyo tukasogea tena kwenye benchi. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni wa sehemu zetu, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Ndani ya chumba alikuwemo pia mtu wa maabara aliyeitwa alete majibu yangu, na muuguzi mmoja aliyekuwa akifungua bandeji. Nilipomtazama yule muuguzi nilimtambua. Alikuwa Sista Bosibori, anayeimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisa letu.

"Bwana asifiwe, mama," akasema. "Asifiwe," tukaitikia.

Daktari alitazama mkono muda mrefu. Alipitisha kidole chake, bila kugusa, kutoka kidoleni kwangu hadi kiwikoni, akifuata zile shanga. Akamgeukia mtu wa maabara.

"Kwenye nyama mliona nini?"

"Tuliona, daktari. Tulipotia rangi vilionekana, vijidudu vyekundu, vichache. Vinafanana na vya TB. Lakini tukiotesha haioti. Tumengoja hadi tumechoka."

"Mnaotesha kwa joto gani?"

"Ile ya kawaida, ya mwili wa mtu. Kila kitu tunaweka hapo. Labda tuambiwe ni kitu ingine."

Daktari alitikisa kichwa, akavuta kiti karibu yangu. Alinieleza, na ninaeleza kama nilivyoelewa. Kuna vijidudu ndugu wa TB ambavyo havipendi joto. Ndiyo maana hukaa mikononi, ambako mwili una ubaridi, na ndiyo maana ukivitia kwenye kabati la joto havioti, unadhani havipo. Makao yake ni majini.

"Nauliza kitu moja, mama," akasema. "Nyumbani mnafuga samaki?"

Nilitazama sakafu. Sista Bosibori alikuwa amesimama na bandeji mkononi. Kuna maswali ambayo mtu hujiuliza maishani kuhusu mwenzake wa ndoa, na kwa kawaida hapati siku ya kujibiwa. Siku yangu ilikuwa ile. Nilifungua mdomo nijibu mwenyewe, na kama kawaida yeye akanitangulia. Nilijua atakavyosema. Atasema hapana, ni chai tu.

"Tunafuga, daktari," akasema Baba Kemunto. "Iko chini ya ndizi. Ni mumi. Kambare. Alidungwa na kambare kwa hiyo kidole, kabla ya mvua."

Bandeji ya Sista Bosibori ilianguka. Akainama kuiokota, akachukua muda mrefu kuinuka.

Daktari aliandika. Nilikuwa karibu, niliona alichoandika: samaki. Basi. Hakuuliza samaki gani, wala hakuhitaji kujua, kwa kuwa mdudu huyo hachagui magamba. Mume wangu angesema "samaki" tu, angetoka chumbani mle akiwa mzee wa kanisa bado. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nadhani alikuwa amelibeba neno lile muda mrefu mno, na lilipopata mlango likatoka zima.

Walikata nyama nyingine. Mtu wa maabara aliichukua mwenyewe, akasema safari hii ataiweka penye ubaridi. Upasuaji uliahirishwa. Daktari hakutaka kungoja, akanianzishia dawa siku ile ile, nazo zilikuwa dawa za TB.

Mtu wa mbali hawezi kujua maana ya hilo kijijini. Dawa hizo unazichukua kwenye kliniki ya TB, nje kidogo ya majengo mengine, chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta ili upepo upite. Wote mnavaa barakoa. Mke wa jirani yetu, aliyekuja hospitalini kumwona mjukuu aliyezaliwa, alipita njia ile akaniona, akageuza uso kutazama maua. Hapakuwa na maua. Ndani ya wiki moja vikombe vya chai nyumbani kwangu vilianza kukataliwa kwa adabu. "Nimekunywa sasa hivi." Nilieleza kwamba hii si ya kifua, haiambukizi, ni ya mkono. Waliitikia wakiwa wamesimama mlangoni.

Kwenye kibanda kile niliwapata watu wema kuliko wa nje. Mzee mmoja aliyekonda sana alinifundisha kumeza vidonge baada ya uji mzito wa wimbi, kichefuchefu kisipande. Mwezi wa kwanza mkojo ulikuwa rangi ya chungwa, na machozi pia. Nilijua ya machozi kwa sababu ya vitunguu, si kulia. Leso yangu nyeupe ya kanisani ilipata madoa ambayo hayajatoka. Kila mwezi walinipima macho kwa kunionyesha rangi kwenye kitabu, kwani dawa moja huweza kuyadhuru. Nilikuwa nafurahia kipimo hicho. Kilikuwa cha pekee ambacho sikufeli.

Kanisani habari zilifika kabla yetu. Sista Bosibori alikuja nyumbani akaniapia si yeye, na nikamwambia sijali ni nani, na ilikuwa kweli. Baraza la kanisa lilimwita Baba Kemunto. Hakunieleza walichosema. Alirudi, akavua koti, akalitundika, akasema ameambiwa apumzike. Kwa lugha ya baraza, kupumzika ni kutopanda mimbarani mpaka waseme. Robo ile ya mwaka ikaisha, ikaingia nyingine, na somo la Sabato likafundishwa na mtu mwingine. Yeye alikaa nyuma, karibu na mlango. Alikuwa akiimba kwa sauti ndogo.

Hapo hasira yangu ilipungua, lakini haikwisha. Nilijiambia: alisema siku moja baada ya kunyamaza miezi. Pengine alisema kwa kuchoka. Pengine kama upasuaji usingekuwa karibu angeendelea kunijibia chai. Nilitaka kujua, wala sikuwa na njia ya kumwuliza bila kumuumiza, na mtu aliyeshushwa haumizwi mara ya pili. Tulikula, tukalala, tukaamka.

Majibu ya maabara yalikuja katikati ya mvua za vuli. Kimeota. Daktari alinionyesha picha kwenye simu. Walipokitoa gizani, akasema, kilikuwa cheupe kama maziwa. Walipokiweka kwenye mwanga kikageuka njano, na hiyo ndiyo alama yake. Niliitazama ile njano ya limau ndani ya chupa ndogo. Ilikuwa rangi nzuri. Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimekichukia kitu hicho muda mrefu nikidhani ni cha kutisha, kumbe kilikuwa kama unga wa manjano uliomwagika.

"Sasa tuna jina lake," daktari akasema. "Dawa ni hizi hizi. Usiache."

Sikuacha. Shanga za juu zilianza kunywea kwanza, kisha za kifundo, na kidole kikawa cha mwisho. Wakati wa kiangazi kifupi cha mwanzo wa mwaka ngozi mpya ilikuwa imefunga, nyembamba na yenye kung'aa. Daktari aliniambia niendelee na vidonge hata baada ya kuonekana kupona, nami nikaendelea. Pia alisema samaki hawana kosa, tuvae glavu ndefu na tusiingie na kidonda. Baba Kemunto alinunua glavu na gambuti, akawa analisha yeye. Hakuniruhusu kukaribia ukingo.

Nilirudi kwenye chai masika yaliyofuata. Nilijifunza upya. Kidole kikisimama nusu, gumba linakwenda kukifuata kilipo. Sijafikia kasi yangu ya zamani wala sitaifikia. Karani wa kituo alitazama majani yangu ya kwanza, akayapitisha kwa vidole, akasema, "Mama amerudi." Nilifurahi siku nzima.

Nimebakiza jambo moja. Lilitokea baada ya mimi kumaliza dawa, wakati kanisa linachagua viongozi wa mwaka mpya. Wazee wawili walikuja nyumbani, Mzee Ombati na mwenzake mdogo kwake. Niliwakaribisha, nikawawekea viti sebuleni, nikaenda jikoni kupika chai. Kati ya jikoni na sebule kwetu kuna ukuta wa mbao tu. Walizungumza Kigusii, polepole, kama watu waliokubaliana njiani nani ataanza.

Mzee Ombati alisema kanisa linamhitaji ndugu yao. Alisema watu wameomba. Kisha akasema, kwa upole mwingi, kwamba wengi wanaamini jambo lile la samaki lilikuwa mradi wa mama wa nyumba. Wanawake wana vikundi vyao, wana miradi yao, na mume hawezi kujua kila kilicho chini ya migomba.

"Ukituambia hivyo tu," akasema, "kwamba hukujua mpaka siku ile ya hospitali, jambo linaisha leo. Mama hataulizwa. Ameugua, inatosha. Na Sabato ijayo unasimama."

Maji yalikuwa yanachemka. Niliyaondoa motoni ili yasinizibe masikio. Nilisimama na birika mkononi, na sikuwa na hasira wala woga. Nilikuwa nangoja tu, kama kwenye lile benchi, nafasi ya mwisho kabla ya mlango.

Nilisikia kiti cha Baba Kemunto kikilia.

"Bwawa nilichimba mimi," akasema. "Wale samaki nililetewa mimi, na ni mimi niliyesema tuwaite ngege. Yeye aliumia akinifanyia kazi yangu. Halafu nikamwacha aoze mkono, kwa sababu nilikuwa na mahubiri."



"Andikeni hivyo," akaongeza. "Au msiandike kitu. Mimi kule nyuma nimezoea."

Niliweka majani na maziwa, nikangoja chai ichemke, nikaichuja. Nikapanga vikombe kwenye sinia nikaingia. Wageni wote wawili walikuwa wakitazama magoti yao. Kwetu mgeni humiminiwa kwanza, na mwenye mji hungoja; mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Nilipita mbele ya Mzee Ombati, nikapita mbele ya mwenzake, nikaenda mpaka kwenye kiti cha mume wangu, nikammiminia yeye kikombe cha kwanza, kikajaa. Wageni waliona. Niliwaacha waone.